Mahakama za Kijeshi na Uhalifu wa Kivita: Mgogoro wa Mamlaka Nchini Kongo

Chimbuko la mkanganyiko

Tarehe 30 Septemba 2025, Mahakama Kuu ya Kijeshi iliyoketi Kinshasa ilimhukumu adhabu ya kifo Joseph Kabila, aliyeiongoza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia 2001 hadi mwanzoni mwa 2019. Mshtakiwa hakuwapo mahakamani. Alitiwa hatiani kwa uhaini, uhalifu wa kivita na makosa mengine yaliyotokana na tuhuma kwamba aliunga mkono waasi wa M23, na Seneti ilikuwa imekwisha kumwondolea kinga yake ya seneta wa maisha mwezi Mei mwaka huohuo. Hukumu hiyo iliwagawa watu kufuatana na mielekeo yao ya kisiasa, lakini chini ya ubishi wa siasa lilikuwapo swali la sheria ambalo wengi walilipita bila kulichambua: kwa nini mtu aliyekuwa mkuu wa nchi, asiye askari wa kikosi chochote, ahukumiwe na jopo la maofisa wa jeshi?

Majibu mawili yalisambaa haraka. La kwanza lilisema kwamba mahakama ya kijeshi kumhukumu raia ni uonevu usiohitaji mjadala zaidi. La pili lilisema kwamba uhalifu wa kivita, kwa jina lake lenyewe, ni jambo la vita, na kwa hiyo ni la wanajeshi kuliamua. Majibu yote mawili yanachanganya mambo matatu yanayopaswa kutazamwa mbalimbali: aina ya mahakama ambayo sheria ya kimataifa inaiagiza au kuikataza, watu ambao mahakama ya kijeshi ina haki ya kuwahukumu, na uwezo halisi wa mahakama hiyo kuwapa haki wale walioumizwa. Kongo ni mahali pazuri pa kuyachunguza, kwa kuwa katika miaka 20 iliyopita ni nchi chache duniani ambazo mahakama zao za kijeshi zimesikiliza kesi nyingi za uhalifu wa kivita kama zake.

Sheria ya kimataifa inaagiza nini

Uhalifu wa kivita ni ukiukaji mkubwa wa sheria za vita unaofungamana na mapigano yenyewe: kuua mateka, kushambulia raia kwa makusudi, kubaka, kupora, kuwatumikisha watoto kama askari. Mikataba ya Geneva ya 1949 inailazimisha kila nchi mwanachama kuwatafuta wanaotuhumiwa kwa makosa makubwa ya aina hiyo na kuwafikisha mbele ya mahakama zake, au kuwakabidhi kwa nchi nyingine iliyo tayari kuwashtaki. Mikataba hiyo haisemi mahakama iwe ya kiraia au ya kijeshi. Mahali inapotaja mahakama ya kijeshi, inaitaja kama ulinzi: Mkataba wa Tatu unaagiza kwamba mfungwa wa vita ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi inayomshikilia inaruhusu wazi mahakama za kawaida kumhukumu hata askari wake yenyewe kwa kosa hilohilo. Shabaha ilikuwa kumkinga adui aliyetekwa asipelekwe mbele ya baraza lililoundwa kwa ajili yake peke yake, bali ahukumiwe kama anavyohukumiwa askari wa upande uliomteka.

Hata Mahakama ya Kijeshi ya Kimataifa ya Nuremberg, ambayo watetezi wa mamlaka ya kijeshi huitaja kwa wepesi, haisaidii sana hoja yao. Ilibeba neno jeshi katika jina lake, lakini majaji wake wengi walikuwa wanasheria wa kiraia, na kati ya washtakiwa 22 iliowatolea hukumu, watatu iliwaachia huru. Uhalali wake ulitokana na mwenendo wa kesi, ushahidi wa maandishi na nafasi ya utetezi, wala si sare.

Mkondo wa sheria ulibadilika pale haki za binadamu zilipoanza kupimwa ndani ya mahakama zenyewe. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikifafanua mwaka 2007 haki ya kusikilizwa na mahakama huru isiyo na upendeleo, ilisema kwamba kumhukumu raia katika mahakama ya kijeshi lazima kuwe jambo la nadra, lenye sababu za msingi zinazoweza kuthibitishwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwenda mbali zaidi katika kanuni zake za 2003: kazi ya mahakama za kijeshi ni makosa ya kijeshi hasa, yaliyotendwa na wanajeshi, na raia hawapaswi kufikishwa humo kwa hali yoyote. Mkataba wa Roma, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, haukuchagua upande. Unachouliza ni kama nchi husika ina nia ya kweli na uwezo wa kuendesha kesi, na ikiwa inavyo, mahakama ya The Hague inakaa pembeni. Kwa hiyo sheria ya kimataifa haiikatazi Kongo kumhukumu askari wake katika mahakama ya kijeshi kwa uhalifu wa kivita. Inapomhusu raia, inaweka kizingiti kirefu sana.

Namna Kongo ilivyofika hapo

Sababu ya kwanza ni ya uandishi wa sheria. Kwa muda mrefu tafsiri ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipatikana katika sheria za kijeshi peke yake, kwanza katika ile ya 1972, kisha katika sheria mbili za Novemba 2002, moja ya muundo wa mahakama za kijeshi na nyingine ya makosa na adhabu. Kanuni ya kawaida ya adhabu, inayotumiwa na mahakama za kiraia, haikuyajua makosa hayo. Hakimu wa kiraia wa Bukavu au Bunia aliweza kumhukumu mtu kwa kuua, lakini hakuwa na kifungu kinachomruhusu kuliita tendo hilo uhalifu wa kivita. Mamlaka ya kijeshi yalizaliwa na pengo hilo, na mengi yanayosemwa baadaye kuhusu umahiri wa wanajeshi katika mambo ya vita ni maelezo yaliyotafutwa baada ya jambo kuwa limekwisha kutokea.

Sheria hiyo ya kijeshi nayo ilikuwa na kasoro ya kushangaza, kwa kuwa iliutaja uhalifu wa kivita bila kuuwekea adhabu. Kongo ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, na Katiba yake inaupa mkataba ulioridhiwa nguvu iliyo juu ya sheria za nchi. Mwaka 2006 mahakimu wa kijeshi wa ngazi ya chini waliamua kuitumia njia hiyo. Mwezi Machi, mahakama ya kijeshi ya Ituri ilimtia hatiani kapteni wa jeshi la taifa kwa uhalifu wa kivita ikiutumia Mkataba wa Roma moja kwa moja, na ikaufuata hata katika adhabu, kwa vile mkataba huo hauna adhabu ya kifo. Mwezi Aprili, mahakama ya Mbandaka ikafanya hivyo katika kesi ya ubakaji wa halaiki uliotendwa na askari huko Songo Mboyo mwaka 2003. Ujasiri huo wa kisheria haukutoka The Hague wala kwa maprofesa, bali kwa maofisa mahakimu waliokuwa wakifanya kazi mbali na mji mkuu, na yeyote anayezilaani mahakama hizo kwa ujumla anapaswa kwanza kuzisoma hukumu hizo mbili.

Sababu ya pili ni vita vyenyewe. Makubaliano ya amani yaliyofuatana yaliwaingiza viongozi wa makundi ya waasi katika jeshi la taifa pamoja na vyeo vyao, hata aliyekuwa kiongozi wa waasi jana akawa kanali leo. Watuhumiwa wengi wakawa wanajeshi kisheria, na Ibara ya 156 ya Katiba ya 2006 inawaweka wanajeshi na polisi chini ya mahakama za kijeshi. Sheria ya 2002, kwa upande wake, ilikuwa imefungua mlango mpana zaidi ya Katiba iliyokuja baadaye: iliruhusu pia kushtakiwa kwa raia waliotumia silaha za kivita au kushirikiana na askari katika kosa. Mgongano wa maandishi haya mawili haujamalizwa, na ndani yake ndimo kesi ya Kabila ilimopita.

Yanayoziunga mkono mahakama za kijeshi

Hoja yenye uzito kuliko zote ni ya kufika. Kongo ni nchi kubwa isiyo na barabara za kutosha, na maeneo yaliyoumia zaidi hayana mahakama ya kiraia yenye hakimu, karani na jengo. Mahakama za kijeshi, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na wafadhili, ziliweza kusafiri na kuketi karibu na walioumizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2011, askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wa mji wa Fizi, Kivu Kusini. Tarehe 21 Februari mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka kwa ajili ya kesi hiyo ilimhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haikupita miezi miwili, na wanawake waliotoa ushahidi hawakulazimika kusafiri siku nyingi ili wasikilizwe.

Pili, mahakama ya kijeshi inaujua mnyororo wa amri. Uhalifu wa kivita mara nyingi hauthibitishwi kwa kumtafuta aliyefyatua risasi tu, bali kwa kuonyesha nani aliamuru, nani alijua, na nani aliyekuwa na uwezo wa kuzuia akanyamaza. Huu ndio wajibu wa kamanda, unaomfanya mkubwa ajibu kwa matendo ya wadogo wake. Ofisa hakimu anajua daftari la zamu linavyoandikwa, silaha zinavyotolewa ghalani na redio inavyopokelewa, na si rahisi kudanganywa katika hayo. Tatu, ana nguvu ya kumkamata mtu mwenye bunduki, ambayo polisi wa kawaida wa wilaya hana.

Yanayozipinga

Nguvu hizo zinavunjika pale mshtakiwa anapokuwa na cheo kikubwa. Sheria ya Kongo inawagawa washtakiwa kwa vyeo: maofisa wa chini na askari wa kawaida huenda mahakama ya ngome, maofisa wakubwa kama Kibibi huenda mahakama ya kijeshi ya mkoa, na majenerali huenda Mahakama Kuu ya Kijeshi; tena wanaoketi kuhukumu hawapaswi kuwa na cheo kilicho chini ya cha mshtakiwa. Matokeo yake ni kwamba kadiri mtuhumiwa anavyopanda ndivyo wanaoweza kumhukumu wanavyopungua, na waliobaki ni watu wanaofahamiana. Kesi ya Jenerali Jérôme Kakwavu, aliyeshtakiwa kwa ubakaji na mauaji ya Ituri, ilianza 2011 na kumalizika Novemba 2014 kwa kifungo cha miaka 10. Hukumu hiyo ina thamani kubwa kwa sababu majenerali waliofika hapo ni wachache mno.

Mbali na vyeo kuna muundo wa jopo, ambamo mahakimu wa taaluma huketi pamoja na maofisa wasio wanasheria, na wote, kuanzia mwendesha mashtaka hadi msaidizi wa jopo, wanategemea jeshi kwa mshahara, uhamisho na kupandishwa cheo. Uhuru wa hakimu unaweza kuandikwa katika Katiba, na umeandikwa, lakini mtu anayeweza kupelekwa kituo kingine kwa amri hauhisi uhuru huo kwa namna moja na anayelindwa na baraza la mahakimu.

Madhara ya muundo huo yalionekana Minova. Mwezi Novemba 2012, askari waliokimbia kutoka Goma walipora na kubaka kwa siku kadhaa katika mji huo ulio kando ya Ziwa Kivu. Washtakiwa 39 walifikishwa mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Operesheni, yaani ile inayoundwa kufuatana na vikosi vilivyo vitani. Wanawake walitoa ushahidi nyuso zikiwa zimefunikwa, na hukumu ya Mei 2014 ikawatia hatiani kwa ubakaji washtakiwa wawili tu. Wengi wa waliobaki waliadhibiwa kwa uporaji na makosa ya nidhamu, na maofisa waliopewa dhamana ya vikosi hivyo hawakuguswa. Zaidi ya hayo, sheria hairuhusu rufaa dhidi ya hukumu za mahakama ya operesheni, kwa hiyo mlango ulifungwa kwa pande zote mbili, kwa mwanamke aliyenyimwa haki na kwa askari aliyeonewa. Mahakama inayotoa vifungo vya maisha bila kuruhusu rufaa ni kasoro isiyo na utetezi, hata kwa anayezipenda mahakama za kijeshi.

Raia mbele ya jopo la maofisa

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu kweli, kwa sababu kanuni moja imezaa matokeo mawili yanayopingana.

Mwezi Oktoba 2004, jeshi liliuvamia mji wa Kilwa, Katanga, kuwafukuza waasi wachache, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Kampuni ya uchimbaji ya Anvil Mining ilikuwa imetoa magari yaliyotumiwa na jeshi, na wafanyakazi wake watatu wakashtakiwa pamoja na askari mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga. Katikati ya kesi mwendesha mashtaka aliondolewa, na tarehe 28 Juni 2007 washtakiwa wote wakasafishwa kuhusu uhalifu wa kivita wa Kilwa. Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Louise Arbour, aliikosoa hukumu hiyo na pia kuhoji uhalali wa raia kuhukumiwa humo. Wahanga walipata nafuu miaka kumi baadaye, nje ya Kongo, Tume ya Afrika ilipoitia serikali hatiani na kuitaka ilipe fidia ya dola milioni 2.5 kwa walalamikaji wanane.

Kinyume chake ni Kavumu, Kivu Kusini, ambako kuanzia 2013 watoto wa kike wapatao 40 walinyakuliwa usiku majumbani mwao na kubakwa na kundi lililojiita Jeshi la Yesu, likiongozwa na mbunge wa mkoa, Frédéric Batumike. Waendesha mashtaka wa kiraia walishika kila tukio kama faili la peke yake, na mafaili yakalala. Mwaka 2016 upelelezi ulipohamia kwa jeshi, matukio yaliunganishwa na kutazamwa kama mpango mmoja, yaani uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tarehe 13 Desemba 2017 mbunge huyo na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha, na Mahakama Kuu ya Kijeshi ikaithibitisha hukumu hiyo Julai 2018. Wengi wa waliohukumiwa hawakuwa wanajeshi. Kama kizingiti cha Tume ya Afrika kingefuatwa neno kwa neno mwaka ule, pengine wazazi wa Kavumu wangekuwa bado wanasubiri.

Kanuni iliyomfikia Batumike ndiyo iliyowapokea wafanyakazi wa Anvil, na ndiyo iliyomfikia Kabila. Tofauti haikuwa katika kifungu cha sheria. Huko Kavumu serikali kuu haikuwa na cha kupoteza, na jamii, madaktari na mawakili waliisukuma kesi. Huko Kilwa palikuwa na kampuni na jeshi. Katika kesi ya Kabila serikali yenyewe ilikuwa mlalamikaji dhidi ya hasimu wake mkuu. Kesi hiyo ilianza na kuishia katika mahakama ya juu kabisa ya kijeshi, na adhabu ilikuwa kifo, miezi 18 tu baada ya serikali kuondoa, Machi 2024, usitishaji wa utekelezaji wa adhabu hiyo uliodumu tangu 2003. Chombo ambacho haki yake inategemea kama wakubwa wana maslahi au hawana hakiwezi kupewa mamlaka juu ya raia, hata kama mara moja kilifanya kazi nzuri.

Mbadala na gharama zake

Anayezikataa mahakama za kijeshi analazimika kuonyesha mahali kesi zitakapokwenda. The Hague ilifungua uchunguzi wake wa Kongo 2004, ikawahukumu Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda, na haikuundwa ili ichukue mamia ya kesi. Mpango wa mahakama mseto, zenye mahakimu Wakongo na wa kigeni, ulipata nguvu baada ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili ya miaka 1993 hadi 2003, ukakataliwa bungeni 2011 na tena 2014.

Njia ya tatu ni mahakama za kiraia, na kisheria imekwisha kufunguliwa: sheria ya Aprili 2013 ilizipa mahakama za rufaa mamlaka juu ya makosa haya, na marekebisho ya mwisho wa 2015 yakayaingiza katika kanuni ya kawaida ya adhabu. Lubumbashi ilianza kusikiliza kesi ya mapigano ya Waluba na Watwa, lakini kwingineko mazoea yalishinda, na mafaili yakaendelea kwenda jeshini.

Uganda inaonyesha bei ya njia hiyo. Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la waasi wa Uganda la LRA aliyekamatwa katika ardhi ya Kongo mwaka 2009, alipelekwa kwenye kitengo cha kiraia cha makosa ya kimataifa katika Mahakama Kuu ya Uganda. Alihukumiwa kifungo cha miaka 40 mnamo Oktoba 2024, baada ya miaka 15 ya mabishano juu ya msamaha na taratibu. Ukilinganisha na Fizi, ucheleweshaji huo unauma, ingawa Kwoyelo alipata utetezi ambao washtakiwa wengi wa Kongo hawajauota. Uganda hiyohiyo, baada ya Mahakama ya Juu kuamua Januari 2025 katika shauri la Kabaziguruka kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka juu ya raia, ilitunga sheria mpya miezi michache baadaye kuwarudisha raia humo kwa masharti. Serikali iliyoonja wepesi wa mahakama ya kijeshi haiuachi kwa hiari.

Kupima

Madai kwamba wanajeshi pekee wanaifahamu vita hayatoshi kuhalalisha ukiritimba, kwa kuwa ujuzi wa mnyororo wa amri unaweza kuletwa mahakamani na shahidi mtaalamu, au na ofisa anayeketi pamoja na mahakimu wa kiraia. Ila hoja ya kufika haijapata jibu. Kuzinyang'anya mahakama za kijeshi kesi za askari leo, kabla mahakama za rufaa hazijapewa fedha za kusafiri, ulinzi wa mashahidi na wapelelezi waliofunzwa, kungeacha wahanga wa kesho bila hakimu yeyote.

Lililo sahihi ni kuyatenganisha makundi mawili mara moja. Raia, awe mbunge, mfanyakazi wa mgodi au rais mstaafu, aondolewe kabisa katika mamlaka ya kijeshi, na sheria ya 2002 isomwe kwa mujibu wa Ibara ya 156. Askari waendelee kuhukumiwa na mahakama za kijeshi kwa sasa, kwa sharti kwamba kila hukumu, pamoja na za operesheni, iwe na rufaa, kwamba rufaa ya uhalifu wa kivita isikilizwe na mahakimu wa kiraia, na kwamba upandishaji vyeo wa maofisa mahakimu utoke mikononi mwa makamanda. Sharti la cheo nalo lifutwe kwa makosa haya, maana mauaji ya kijiji hayana uhusiano na idadi ya nyota begani mwa aliyeyaamuru.

Hakuna mpangilio wa mamlaka utakaofaa, hata hivyo, ikiwa hukumu haitekelezwi. Gédéon Kyungu Mutanga, aliyehukumiwa kifo mwaka 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotendwa Katanga, alitoroka gereza la Lubumbashi 2011 akiwa na mamia ya wafungwa, na alipojisalimisha 2016 alipokelewa kwa sherehe badala ya kurudishwa gerezani. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na Bukavu tangu Februari; siku Goma ilipoanguka, maelfu ya wafungwa walitoka katika gereza la Munzenze, na wafungwa wanawake walibakwa na wengi wao kuteketea kwa moto humo humo ndani. Katika miji hiyo miwili, iliyobeba kesi nyingi za mashariki, leo hakuna mahakama ya serikali, ya kijeshi wala ya kiraia, yenye uwezo wa kumwita mtuhumiwa. Mafaili, orodha za mashahidi na maamuzi ya fidia yaliyokwisha kutolewa yanahitaji kuhifadhiwa sasa, mahali salama, ili atakayepewa mamlaka kesho awe na cha kuanzia.